Bustani ya jiji, watu wamekaa tu: naandika nini?

SWALI: Habari mhariri. Nimepewa projekti ya chuo kuhusu bustani ya jiji, historia yake na watu wanavyoitumia kila siku. Nimeenda mara mbili nimekuta watu wamekaa tu, wengine wamelala kwenye nyasi. Sasa hapo naandika nini?

JIBU: Hao waliokaa ndo kazi yenyewe! Ila mara mbili haitoshi, na nahisi ulienda saa zilezile. Nenda asubuhi, nenda jua la mchana, nenda Jumapili, hata siku ya mvua, chora ramani kwa mkono halafu kila nusu saa weka alama nani yuko wapi anafanya nini. Miaka ya 1970 mtafiti wa maisha ya mijini, William Whyte, alitegesha kamera kwenye viwanja vya wazi vya New York, akagundua kitu utacheka: watu wanakaa penye pa kukaa. Cheka tu, ila wasanifu wengi walikuwa hawajalifikiria hilo. Akaona pia mtu akikuta kiti cha kuhamishika lazima akisogeze kidogo ndo akae, hata kama hakuna sababu. Cheki na vinjia vilivyochimbwa na miguu kwenye nyasi, pale aliyebuni bustani alitaka watu wazunguke wao wakakatiza.

Historia usianze na siku ya ufunguzi, uliza kwanza nani alikuwa anaishi pale. Central Park ya New York kabla yake kulikuwa na Seneca Village, watu weusi huru walianza kununua viwanja hapo 1825, ikafika watu kama 225 hivi pamoja na Waairishi, makanisa matatu na shule, 1857 wote wakaondolewa kupisha bustani. Magazeti ya enzi hizo yaliwaita wavamizi, kumbe rekodi zinaonyesha familia kibao zilimiliki viwanja vyao, na kiwanja hakikuwa kitu kidogo maana New York ya wakati huo mwanaume mweusi bila mali ya dola 250 alikuwa hapigi kura. 2011 wanaakiolojia wakachimba hapo wakakuta birika la chuma na soli ya kiatu cha mtoto. Kwa hiyo gazeti soma, ila lipambanishe na sensa na daftari za kodi.

Picha za watu omba ruhusa, za watoto achana nazo kabisa.

Na mtafute mfagiaji, huyo anajua bustani kuliko meneja. Ila mwahi alfajiri, akishamaliza kufagia ushahidi wote wa jana usiku ameshauzoa.