Faida ya asilimia 25, asilimia 25 ya nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko fom thrii mchepuo wa biashara. Ticha alitutafsiria swali kwa Kiswahili ili tuelewe: "Duka linauza kwa faida ya asilimia 25, mauzo ya mwaka ni sh. 600,000, tafuta gharama ya mauzo." Mimi nimepata 450,000, yeye anasema ni 480,000 na kanikosesha. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hesabu yako nzima na ya ticha nzima, kilichovunjika ni ile sentensi. Itazame vizuri, "faida ya asilimia 25", hiyo "ya" iliyopo inaunganisha faida na asilimia basi, wakati asilimia nayo inadai "ya" yake, asilimia 25 ya kitu gani? Hata neno lenyewe ukilisikiliza lina asili na mia ndani yake, na darasani si mnaita asili ile namba ya chini ya mstari, kwa hiyo mtu akikutajia asilimia halafu asikwambie hiyo mia ni ipi, kakuachia nusu ya habari.

Wewe umeifanya mia kuwa mauzo: 25 kwa mia ya 600,000 ni 150,000, ukitoa inabaki 450,000. Ticha kaifanya mia kuwa gharama, mzigo wa 100 unauzwa 125, kwa hiyo 600,000 gawanya kwa 125 zidisha kwa 100 unapata 480,000, faida 120,000.

Sasa Kiingereza hapo kina maneno mawili tofauti, maakapu (markup, faida juu ya gharama) na majini (margin, faida ndani ya mauzo), siyo makapu ya sokoni wala majini ya Tanga jamani, sisi yote mawili tunayaita faida, ndo maana tafsiri ya haraka haraka inamwaga maana njiani. Lakini msikimbilie kusema Kiswahili hakijitoshelezi, nenda sokoni kamsikilize mama wa nyanya. Tenga kanunua elfu 40, kauza elfu 50, atakwambia "mtaji wangu 40, nimepata cha juu elfu 10". Cha juu! Yaani juu ya mtaji, hahesabu kutoka kwenye mauzo hata siku moja, na kwake hiyo ni robo kamili. Dalali wa kiwanja naye akisema chake ni asilimia 10 anaikata ndani ya bei iliyouzwa. Kwa hiyo mtaani "juu ya" na "ndani ya" zinafanya kazi ileile ya maneno mawili ya Kiingereza, sisi wenye chaki ndo tumezisahau.

Mimi ningeandika "faida ya asilimia 25 juu ya gharama" au "faida ya asilimia 25 ya mauzo", na hapo hakuna wa kubishana. Ukitaka kuhama kutoka ile ya juu ya gharama kwenda ile ya mauzo, andika kwa sehemu halafu jumlisha kiasi (namba ya juu ya mstari) kwenye asili: robo juu ya gharama ni moja ya tano ya mauzo, theluthi juu ya gharama ni robo ya mauzo. Yule mama ukimuuliza 10 ni sehemu gani ya 50 atakujibu bila kalamu.

Mtego huohuo uko kwenye VAT. Tanzania Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18 juu ya bei, sasa risiti ikiwa 118,000 ikiwa na kodi ndani, kodi ni 18,000, ila nishaona watu wazima wanapiga 18 kwa mia ya 118,000 wanapata 21,240 na wanabisha kabisa.

Halafu wote wawili mmeandika "faida" tu, hiyo ni faida ghafi, ghafi ileile ya malighafi, maana kodi ya pango na umeme havijatolewa bado.

Kuhusu maksi zako, muombe ticha ile karatasi ya Kiingereza. Kama imeandikwa maakapu, 480,000 ndo jibu, kubali yaishe. Kama ni majini basi 450,000 yako ni halali, mpelekee daftari kwa adabu, ikiwezekana wakati yuko peke yake.