Ujerumani haikulazimika kupigana 1914

Ndugu yangu, umesema risasi ya Sarajevo ndiyo iliyoleta Vita Kuu ya Kwanza, na kwamba taifa linaloinukia, kama Ujerumani ya wakati ule, halina budi kupigana na mkubwa aliyepo, kama Uingereza. Yote mawili yana walakini.

Mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, vita vikatangazwa mwezi mzima baadaye. Hapo katikati watu walikaa, wakapima, wakaamua. Tarehe 5 Julai Berlin, yaani Ujerumani, iliiahidi Vienna, yaani Austria-Hungaria, kuiunga mkono liwalo na liwe. Hiyo nayo tuiite ajali?

Halafu tazama uchumi. Kufikia 1913 Ujerumani ilizalisha chuma cha pua zaidi ya mara mbili ya Uingereza. Ilikuwa inashinda bila kufyatua risasi! Kwa maoni yangu kosa lilianza zamani: 1890 Wajerumani walikataa kuhuisha mkataba wao na Urusi, Urusi ikaenda kwa Ufaransa. Kisha kuanzia 1898 Tirpitz, msimamizi wa jeshi la majini la Ujerumani, akajenga manowari, akitumaini Waingereza wataingiwa hofu na kulegeza. Hofu iliwaingia kweli, ila wao wakajenga nyingi zaidi, wakapatana na Ufaransa 1904 na Urusi 1907, mahasimu wao wa miaka mingi.

Na manowari zenyewe, zilizomeza fedha chungu nzima? Baada ya Jutland, pambano la baharini na Waingereza mwaka 1916, nyingi zilikaa tu bandarini, na Juni 1919 mabaharia wa Kijerumani wakazizamisha kwa mikono yao kule Scapa Flow, ghuba ya Uskoti.