Msomaji Auliza: Kwa nini aliyetumia muda mfupi alishindwa?

Swali: Ndugu Mhariri, nilitazama mbio za dragi, zile za magari mawili yanayoshindana kwenye njia fupi iliyonyooka, ambamo gari lililotumia sekunde 7.47 lilishindwa na lililotumia 7.50. Je, waamuzi walikosea?

Jibu: Hawakukosea. Saa ya kila gari haianzi kuhesabu taa ya kijani inapowaka, bali gari linapoondoka kwenye mwale wa mwanga ulio kwenye mstari wa kuanzia; kwa hiyo dereva aliyezubaa hupoteza muda usioonekana katika ile 7.47. Iwapo alichelewa kwa sekunde 0.090 na mpinzani wake kwa 0.040, jumla zao ni 7.560 na 7.540, na huyo mpinzani ndiye aliyetangulia kumaliza. Katika mbio za kuanza pamoja hilo latosha, ilimradi hakuondoka mapema akawashiwa taa nyekundu.

Mfumo wa makadirio ni mgumu zaidi, na kwa maoni yangu ndio wenye utamu. Kila dereva hutangaza muda anaotarajia kutumia, na mwenye gari la polepole huanza kwanza kwa tofauti iliyopo: wa 13.00 humtangulia wa 11.00 kwa sekunde 2. Atakayetumia muda mfupi kuliko aliotangaza hushindwa hata akitangulia kufika, na wote wawili wakifanya hivyo, hushinda aliyepunguza kwa kiasi kidogo kuliko mwenzake. Ndiyo maana utamwona anayeongoza akigusa breki mita chache kabla ya mstari. Katika madaraja mengine, kama Super Comp ya Marekani, muda huo, 8.90, huwekwa na waandaaji wenyewe.