Mashine ya mawimbi itamshusha mwanangu kisigino?

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu ana miaka 6, ana mtindio wa ubongo, mguu wa kulia anakanyagia vidole tu, kiatu cha kulia kimeisha mbele wakati cha kushoto bado kipya kabisa. Kliniki moja wameniambia kuna tiba ya shoku wevu, eti mara tano tu anatembea vizuri. Mimi nikisikia shoku nawaza umeme! Na hela yenyewe ni mtaji wangu wa vitenge. Nisaidie.
Mama wa Mbagala

JIBU: Marahaba mama. Kwanza toa hofu, hiyo sio shoti ya umeme. Ni mawimbi ya mgandamizo, ndugu yake yale Wajerumani walioanza kuvunjia mawe ya figo kule Munich mwaka 1980, ila hapa nguvu ni ndogo sana. Mtoto analala kifudifudi, anapakwa jeli kwenye kigimbi, kichwa cha mashine kinagonga ta-ta-ta-ta, mapigo kama 1,500 hivi, dakika chache imeisha. Ngozi inaweza ikawa nyekundu au ikavilia damu kidogo, na wengine wanalia sababu ya makelele tu.

Inasaidia? Inasaidia, lakini sio kama walivyokupamba. Mwaka 2010 madaktari wa Italia walitoa matokeo ya watoto 12 wenye mguu kama huo, misuli ililegea vizuri tu wiki za mwanzo, ila ilipofika wiki ya 12 hali ikawa imerudi kulekule, maana shida iko kwenye ubongo, msuli unapokea amri tu. Kwahiyo zile wiki misuli imelegea ndo za kunyoosha mguu kila siku, bila mazoezi hela imeenda.

Halafu jaribu hivi: usiku akishalala fofofo, goti limenyooka, shika kisigino usukume unyayo juu taratibu, vidole vielekee kwenye goti. Ukipanda, ni kukakamaa, mawimbi yanaweza kusaidia. Ukigoma kabisa, huenda msuli umeshafupika, hapo anahitaji daktari wa mifupa, labda plasta ngumu kama ya mguu uliovunjika, mashine haitarefusha kitu.

Kama damu yake huwa haigandi vizuri au anatumia dawa ya kifafa waambie kabla hawajaanza. Mtaji usiuguse mpaka wakuambie nani atakufundisha mazoezi. Na hicho kiatu usikitupe mama, nenda nacho, fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akikiona soli tu anajua mtoto anavyokanyaga.