Muulize Fundi: Santuri au faili?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni dijei, napiga hausi na tekno kwenye hoteli za ufuoni hapa Malindi. Mtaliano mmoja aliyerudi kwao ameniachia pleya ya santuri. Nimeweka akiba ya shilingi 12,000. Ninunue santuri au niendelee kununua faili za muziki mtandaoni? Wenzangu wanasema santuri ndiyo yenye sauti ya asili.
Kijana wa Barani

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Hilo la "sauti ya asili" lingefaa taarabu za babu zetu, zilizorekodiwa kwenye utepe kabla kompyuta hazijaingia studio. Tekno ya leo huzaliwa ndani ya kompyuta, na santuri yake mara nyingi huchongwa kutokana na faili. Sikatai, santuri iliyochongwa vizuri ni tamu. Fundi wake hulazimika kuiweka besi katikati, yaani isikike sawa kwenye spika zote mbili, la sivyo sindano huruka. Tena akiweka wimbo mmoja tu kwenye upande mzima wa sahani ya inchi 12, mifereji hupata nafasi na ngoma hugonga kifua. Akijaza dakika 25 upande huo, sauti hunywea.

Lakini wewe unatafuta riziki. Ukijumlisha bei, posta ya kutoka Ulaya na ushuru, hizo 12,000 zitakuletea santuri tatu hivi. Utakesha na wageni kwa santuri tatu?

Nunua faili. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, huuza hata wimbo mmoja mmoja, nawe unachagua aina ya faili, WAV au FLAC. WAV ya ubora wa CD hula karibu megabaiti 10 kwa dakika. FLAC hupunguza mzigo huo bila kupoteza chochote. MP3 hukata sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, lakini ya kilobiti 320 kwa sekunde itapita kwenye spika za hoteli. Ya 128 achana nayo, na asikudanganye mtu kwamba ukiigeuza WAV inapona. Kilichokatwa kimekatwa.

Halafu kuna jua letu. Mimi niliwahi kuagiza santuri tano. Zikafika gati la Mokowe adhuhuri, boti ikasubiri abiria, boksi liko juani. Punda aliponifikishia hapa Langoni, Lamu, mbili zilikuwa zimepinda kama ukingo wa sinia. Santuri ni plastiki, haina ubishi na joto. Zile tatu zilizopona, majalada yake yaliota ukungu msimu wa mvua, nami nilikuwa nimezifungia kabatini nikidhani nazitunza.

Ukishindwa kujizuia, nunua moja unayoipenda kweli, na uangalie kama inakuja na faili lake. Santuri za Bandcamp mara nyingi huja nalo. Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya Kampala, wametoa singeli ya Dar kwa santuri na kwa faili pia, na hiyo ningekuonea wivu. Isimamishe wima, usiilaze.

Na hiyo pleya, itazame jina. Ikiwa ni Technics SL-1200, pleya inayosifika sana kwa madijei, usimuuzie mtu kabla hujanipigia.