Muulize Fundi: Bushi mpya zimekwisha mapema, kosa liko wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Hilux ya 1993, isiyovuta mbele, nabebea chumvi kutoka Uvinza kwenda Kasulu na Kigoma mjini. Mwaka jana nilibadilishiwa bushi zote za mbele, yaani raba za kwenye maungio ya amu (mikono ya chuma inayoshika magurudumu), za juu na za chini. Sasa inagonga tena kwenye mashimo, na nikishika breki inavuta kushoto. Fundi anasema bushi za raba siku hizi ni feki, nitafute zile ngumu nyekundu. Nyuma nako springi zinalia. Nifanyeje?
Msomaji, Uvinza

JIBU: Marahaba mwanangu. Bushi feki zipo, sikatai. Lakini kabla hujatoa hela tena, muulize fundi wako: siku ile alikaza nati za amu gari likiwa limekaaje? Kama lilikuwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, basi nadhani muuaji wa bushi zako tumeshampata.

Bushi ya amu ni mabomba mawili ya chuma, moja ndani ya jingine, na katikati raba iliyogandishwa kwenye yote mawili. Ukikaza bolti, bomba la ndani linabanwa na halizunguki tena. Kuanzia hapo amu ikipanda au kushuka, ni raba inayojisokota. Sasa, ukikaza amu ikiwa imening'inia, siku unaposhusha gari raba inakuwa imeshasokotwa hata kabla hujawasha injini. Pakia magunia ya chumvi, ingia kwenye mashimo, itaacha kuchanika?

Kwa hiyo ingiza bolti zote, nati zikazwe kidogo tu. Shusha gari, lisukume mbele na nyuma, bonyeza boneti mara kadhaa likae mkao wake, ndipo ukaze kwa nguvu. Kama spana haipati nafasi, weka stendi chini ya amu za chini, uzito wa gari uzilalie, kisha kaza. Jambo hili linachukua dakika chache na mafundi wengi wanaliruka. Linaniuma, maana anayelipa mara mbili ni mwenye gari.

Jingine ni la usalama. Hilux yako mbele ina fimbo ndefu za chuma zinazojisokota, ndizo zinazofanya kazi ya springi, na zina nguvu ya kuvunja mkono wa mtu. Fundi asifungue amu kabla ya kuzilegeza. Apime kwanza kwa rula urefu wa uzi unaoonekana kwenye bolti ya kurekebishia, auandike, alegeze taratibu, na akirudisha arudishe pale pale. Akikuta vibati vyembamba kwenye amu ya juu, kila kimoja kirudi kilipotoka.

Hizo bushi nyekundu alizokutajia fundi ni plastiki ngumu. Haziharibiwi upesi na oili, ila mtikisiko wa barabara unapanda wote kwenye bodi, na bila grisi ya silikoni zinapiga kelele. Kwa gari la mizigo kama lako mimi ningeweka raba nzuri mbele, kulia na kushoto kwa pamoja.

Nyuma, adui ni chumvi yenyewe. Maji ya chumvi yanadondoka kutoka kwenye magunia na kuingia kwenye macho ya springi, yaani matundu ya mwishoni inamopita bolti, bolti inashika kutu na kuganda ndani ya bushi. Tandika turubai chini ya mzigo na uoshe uvungu kwa maji yasiyo na chumvi kila ukishusha mzigo. Wakati wa kubadilisha, pitisha ukucha kwenye bolti. Ukihisi mfereji, nunua na bolti. Bushi ya raba iingizwe kwa maji ya sabuni, grisi ya kawaida inaivimbisha raba. Na tafadhali asichome bushi ya zamani kwa moto. Moshi wake ni sumu, na chuma cha springi kikipata moto kinapoteza ugumu wake. Atoboe raba kwa drili, akate bomba la nje kwa msumeno wa chuma, polepole, asifike kwenye jicho la springi.

Ukimaliza, nenda kapimishe alaimenti (unyoofu wa magurudumu) kabla hujabeba mzigo. Breki ikiendelea kuvuta kushoto, fungua kalipa, yaani kifaa kinachobana breki, ya gurudumu la mbele kulia. Huenda pistoni yake imeganda, na upande wa kushoto unafunga breki peke yake.