Spea ndogo za breki ya nyuma ya Boxer

Kaka, umesema breki ya nyuma ya pikipiki yako ya Boxer inang'ang'ania ukishaachia pedali, na fundi anataka ununue sahani nzima ya breki, yaani bamba linalobeba vifaa vyote vya breki. Usikimbilie huko. Mara nyingi ni springi mbili zinazorudisha brekishuu (vipande viwili vinavyosugua ndani ya gurudumu) zimelegea, au kemu, kile chuma kinachozunguka na kuzisukuma brekishuu, imekauka na kushika kutu. Springi huuzwa peke yake, kwa bei ndogo sana kuliko sahani. Kama upo Dar, nenda Kariakoo na springi zako za zamani mkononi, ulinganishe urefu, unene wa waya na ndoano. Usinunue kwa kutajiwa jina la pikipiki tu.

Kemu itoe, isugue kwa msasa laini, paka grisi kidogo mno. Grisi ikifika kwenye brekishuu, breki haitashika. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo, tafadhali. Lifute kwa kitambaa kibichi, maana brekishuu nyingine zina asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu.

Brekishuu zenyewe zikiisha, badilisha zote mbili pamoja, na hapo usitafute ya bei ya chini kabisa. Gamba la brekishuu, ile sehemu inayosugua, likigandishwa vibaya hubanduka na gurudumu linakwama ukiwa na abiria.